Kiti cha Barazani

"Fundi, usinielewe vibaya," alisema muuza maziwa, hata kabla hajatua kidumu chake chini, "lakini safari hii acha Pini ndiye anipime. Anizoee, eh? Wewe si unatuhama."

Fundi alikuwa ameshanyoosha mkono kupokea kitambaa. Mkono ukabaki hewani kama wa mtu anayeomba. Akaurudisha taratibu, akajifanya alikuwa anaufuata mkasi, akaushika, na kwa kuwa mkasi mkononi bila kitambaa ni kichekesho, akakata hewa mara mbili kisha akautua.

"Sawa tu," akasema. "Pini, mpime mama."

Pini aliinuka kwenye kigoda. Midomoni alikuwa amebana pini, kama kawaida yake, na ndilo jina alilopewa hapo barazani hadi lake la nyumbani likasahaulika. Alikuwa mwanamke mzima, mpole wa maneno. Alikuja akiwa hajui hata kutunga uzi kwenye sindano, na sasa angeweza kushona kola huku anapiga soga, na kola isipinde.

Hakuchukua futi yenye namba. Pale barazani, mbele ya duka la rangi na misumari, hakuna aliyetumia futi. Fundi alifundishwa na mama yake, na mama yake alipima kwa utepe wa kitambaa, mrefu, mwembamba kama kidole, kichwa chake kimezungushiwa uzi mwekundu kisifumuke. Unaanzia kichwani siku zote. Kifua kinapoishia unakata kijipengo kimoja ukingoni, kiuno viwili, urefu vitatu. Kila mteja ana utepe wake, na hakuna tepe mbili za kitambaa kimoja. Mwenye duka alikuwa na wa mistari, mwalimu wa watoto wadogo wa kijani, na zote zilining'inia kwenye msumari nyuma ya kiti cha Fundi kama mikia ya vishada.

"Utepe wako si huu hapa, wa maua ya njano?" Fundi alisema. Hakuweza kujizuia.

"Huo ni wa kabla sijanenepa," muuza maziwa akajibu, akiinua mikono Pini amzungushe. "Watu tunabadilika, Fundi. Hee, Pini! Una mkono mwepesi wewe, hata sihisi kama naguswa."

Fundi aliinama juu ya cherehani akatafuta kosa kwenye mshono usio na kosa. Miaka yote aliyomshonea mwanamke yule, nguo za ubatizo wa watoto, za msiba, za sikukuu, hajawahi kuambiwa ana mkono mwepesi. Aliambiwa "ahsante," na mara nyingine "utanivumilia mpaka mwisho wa mwezi."

* * *

Nyumbani, habari ilikuwa moja tu kila siku: kuhama. Mumewe aliendesha mashine ya kunyanyulia mizigo ghalani, na ghala lilikuwa linahamia jimbo jingine, lote, pamoja na makabati yake ya chuma. Atakayelifuata anabaki na kazi. Asiyelifuata anapewa mkono wa kwaheri na karatasi ya kumsifu. Kwa hiyo hapakuwa na la kujadili, na ndiyo maana lilijadiliwa kila jioni.

Simu iliwekwa katikati ya meza, ikipaza sauti. Ndani yake alikuwa wifi, dada wa mumewe, aliyehamia jimbo hilo zamani kidogo na tangu hapo akawa bingwa wa kuhama.

"Wifi yangu, sikiliza," sauti ilisema. "Kuhama jimbo si kuhama mtaa. Nyumba msikodi kwa picha! Picha haitoi maji. Kaka aje kwanza, afungue bomba kwa mkono wake. Kidoti mchukulieni barua ya uhamisho mapema, shule za huku zikianza zimeanza. Na kadi yake ya chanjo. Na sweta, jamani, asubuhi za huku si mchezo. Lile kabati liuzeni, lori litawatoza kama mnabeba jeneza."

"Kabati tumeshaliuza," mume alisema kwa fahari ya mwanafunzi aliyepata vyema.

"Na mimi?" Fundi akauliza. "Kazi yangu je?"

"Aa, wewe una bahati! Kazi yako iko mikononi. Wanawake wa huku nao hawatembei uchi, wifi." Akacheka, na mumewe akacheka naye, na hata Kidoti, mtoto wao mwenye alama nyeusi shavuni, akacheka kwa sababu alisikia neno uchi.

Fundi aliinuka akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Kila kitu kilikuwa kimefikiriwa: bomba, barua, chanjo, sweta. Kiti chake hakikuwamo.

Mumewe alimfuata, akaegemea mlango. "Mama Kidoti, una nini?"

"Sina kitu."

"Unamwonea wivu Pini."

"Mimi? Nimwonee wivu yule niliyemfundisha kutunga uzi? Hebu nipishe."

Hakupisha. "Ningekuwa na namna," akasema kwa upole, "kile kiti ningekibeba kwenye lori. Kweli. Nimwombe mwenye duka?"

"Ungebeba na baraza? Ungebeba na dirisha linaloniletea mwanga? Na muuza maziwa, ungemfunga kamba juu ya magodoro?" Akatua sahani kwa kishindo. "Kiti si kiti, baba. Mtu akija akiuliza fundi yuko wapi, anaonyeshwa kile kiti. Sasa ataonyeshwa kile kile, nami simo."

"Mama," Kidoti alisema kutoka mezani, "kwani Pini akikaa hapo naye ataitwa Fundi?"

Fundi alirudia kuosha kikombe kile kile.

* * *

Wiki ya mwisho alikuja Sista Mkuu wa zahanati, na kijana wa kumbebea majora ya kitambaa cha buluu. Zahanati ilikuwa inafungua jengo la wazazi, na wauguzi wote walitakiwa wavae sare mpya siku hiyo. Kazi kubwa kama hiyo haikuwahi kufika barazani pale. Fundi mwenyewe ndiye aliyeitafuta, akaenda kuwapima wauguzi mmoja mmoja wakibadilishana zamu, mwingine akimpima mkononi ana sindano. Tepe zao alizifunga pamoja, fungu moja nono, rangi kila namna.

"Nani atashona?" Sista Mkuu aliuliza akiwa amesimama. Alikuwa mtu wa kusimama.

"Sisi," Fundi akajibu.

"Sisi nani? Wewe unaondoka. Mimi nataka mtu mmoja, mambo yakiharibika nijue nani wa kumkamata shati." Akageuka. "Wewe binti. Utaweza?"

Pini alizitoa pini mdomoni. "Nikiachiwa vipimo, nitaweza, Sista."

"Basi njoo unionyeshe hapa mfuko utakaa vipi. Fundi, samahani, hebu mpishe."

Alisema hivyo kirahisi, kama mtu anavyoomba apishwe mlangoni. Fundi akainuka. Mto wa kiti, alioushona mwenyewe kwa vipande vya nguo za wateja wake wa kwanza, ulikuwa bado na joto lake. Pini alikaa ukingoni kabisa, kama aliyekaa kwa kuazima, akachora mfuko kwa chaki. Sista Mkuu akauliza kola, Pini akachora kola. Sista Mkuu akauliza mikono. Katikati ya mikono, bila mwenyewe kujua, Pini alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukaegemea kiti chote, akapandisha na mguu mmoja juu ya mwingine.

Fundi aliuona ule mgongo. Mtu mwingine angeona mwanamke aliyechoka anaegemea. Yeye aliona mlango unafungwa, naye yuko nje na mizigo yake.

Sista Mkuu alipoondoka, Pini aliruka kama aliyekalia moto. "Fundi, kaa, kaa."

"Kaa tu, ushazoea," Fundi akasema, akicheka kicheko ambacho hakikufika machoni. "Au nenda kwanza ukatuletee zipu, za buluu. Zungukia maduka yote, usinunue za kukwamakwama."

Pini akaenda. Barabara ilikuwa kimya kwa jua la mchana, mwenye duka alikuwa amesinzia juu ya makopo yake ya rangi. Fundi alilishusha fungu la tepe za wauguzi, akalilaza mapajani. Alikaa nalo kitambo, akilipapasa kama anayembembeleza mtoto. Kisha akachukua mkasi.

Nguo kubwa hupunguzwa. Kila fundi anajua hilo. Nguo ndogo haina dawa, maana kitambaa kilichokwisha katwa hakiongezeki kwa maombi wala kwa pasi. Alikata kila utepe kichwani, vidole viwili tu, kiasi ambacho jicho halioni lakini mbavu zinaona. Akavizungushia vichwa vipya uzi mwekundu, haraka, akiuma uzi kwa meno. Moyo ulimdunda kama mwizi, na mikono yake, hilo ndilo lilimtisha baadaye, ilitulia tuli. Alijiambia si jambo kubwa. Alijiambia watamkumbuka. Watasema, enzi za Fundi hayakuwa haya. Vile vichwa vya zamani akavipangusa mapajani vikaanguka kwenye kapu la vipande, miguuni pake, kama vipande vingine vyote vya siku ile.

Pini aliporudi na zipu, fungu lilikuwa msumarini. "Haya," Fundi akasema. "Tepe za zahanati zile pale. Nakuachia."

"Mungu akubariki, Fundi," Pini akasema, akashika ufagio, maana jioni ilikuwa imeingia.

* * *

Siku ya kuondoka lori lilisimama kando ya nyumba asubuhi, na majirani wakaja kusaidia kubeba na kuona nini kimeuzwa. Pini alikuja na chapati kwenye bakuli lenye kifuniko, za njiani. Alimbeba Kidoti, akampa kipande cha chaki ya buluu. Kisha akasimama mbele ya Fundi, na kwa mara ya kwanza Fundi hakujua amwangalie wapi.

"Zile tepe za zahanati," Fundi akaanza.

"Ndiyo, Fundi?"

Neno lilimfika mpaka kwenye ulimi. Mumewe alikuwa juu ya lori anafunga turubai, anapiga mluzi. Muuza maziwa alikuwa ameshamshika Pini bega, anamwita "fundi wetu."

"Uziangalie," akasema.

"Nitaziangalia," Pini akajibu, akimtazama usoni muda mrefu kuliko ilivyo kawaida. "Wewe nenda. Usiwe na wasiwasi wowote. Nenda tu."

Njia nzima Fundi alizitafuna zile chapati, na zilikuwa laini, na kila tonge lilimkwama.

* * *

Jimbo jipya halikuwa baya, na hilo nalo lilimuudhi. Bomba lilitoa maji. Sweta zilihitajika kweli. Shule ilimpokea Kidoti kwa barua yake, akarudi siku ya kwanza na rafiki wawili na wimbo mpya. Ghalani mumewe alikuta mashine mpya isiyopiga kelele, akawa anaisifu mezani kama anasifu farasi. Wifi alipita kila Jumapili kukagua, akiita makabati ya jikoni kwake "kabati zangu za ukutani" ili mtu asisahau ziko ukutani.

Fundi aliibeba picha ya gauni alilowahi kushona, akaenda nyuma ya soko kwenye safu ya vibanda vya mafundi. Wa kwanza alimwambia hakuna nafasi bila kuinua kichwa. Wa pili alimuuliza, "Umetoka kwa nani?" na alipotaja, hakujulikana yeye wala aliyemtaja. Kule kwao jina lake lilitosha. Hapa lilikuwa sauti tu.

Kibanda cha mwisho kilikuwa cha mwanamke mnene mwenye kupenda marinda, marinda juu ya marinda, hata pazia la kibanda lilikuwa na marinda. Wenzake walimwita Madoido. Alimtazama Fundi toka juu hadi chini, akashika pindo la gauni alilovaa Fundi, akaligeuza kuangalia mshono wa ndani.

"Umeshona mwenyewe?"

"Nimeshona mwenyewe, dada."

Madoido aliliachia pindo kama lililomuunguza. "Kuna kigoda pale. Pindo na vifungo tu. Cherehani ni yangu, wateja ni wangu. Asubuhi unafungua, unafagia. Tumeelewana, mgeni?"

"Tumeelewana."

Kigoda kilikuwa kifupi. Magoti yalimfika kidevuni. Kutoka chini pale Fundi aligundua mambo ambayo kutoka kwenye kiti hayaonekani: kwamba aliyeketi kwenye kiti huacha mkasi uanguke akijua kuna mtu wa kuuokota, na kwamba wateja humsalimia mmoja tu. Mama mmoja alimtupia mfuko mapajani kana kwamba yeye ni rafu. Aliufungua, akashona pindo. Lilikuwa pindo zuri mno kwa kibanda kile, na Madoido alimkata jicho kwa sababu hiyo.

Moyoni alikuwa na siku moja anayoingoja, siku ya kufunguliwa jengo la wazazi. Alikuwa anaiogopa na kuitamani. Akishika sindano alimwona Sista Mkuu akivuta zipu, zipu inagoma. Alimwona Pini analia juu ya majora yaliyoharibika. Kuna nyakati picha hiyo ilimpasha moto kama chai. Halafu alimkumbuka Pini na bakuli la chapati, na chai ikageuka nyongo.

Asubuhi moja, siku chache baada ya siku ile kupita bila yeye kuthubutu kuuliza, alifungua kibanda mapema, akafagia, akalibeba kapu la vipande kwenda kulimwaga jalalani. Lilikuwa limejaa marinda ya Madoido. Alipoliinamisha, kipande kimoja chekundu kikaning'inia ukingoni, kikagoma kuanguka, na Fundi akaganda pale pale, kapu mkononi.

Kapu. Jioni ile, barazani, nani alilimwaga kapu?

Tangu Pini aingie pale, yeye hajawahi kushika ufagio. Hata siku moja. Alikata vichwa vya tepe za watu, akaviacha miguuni pake, kisha akainuka akaenda zake nyumbani, kama malkia, akamwachia usafi yule yule aliyemkusudia mabaya.

* * *

Hakumpigia Pini. Alimpigia muuza maziwa, akajifanya anauliza hali ya watoto.

"Fundi wetu wa zamani!" mama yule alipiga kelele, na neno zamani likapita kama sindano chini ya kucha. "Umetukosa! Jengo limefunguliwa, wageni, maspika, hee! Na zile sare, mwenzangu! Zimewakaa wauguzi kama wamezaliwa nazo. Sista Mkuu alikuwa anatembea kiubavu ili watu wamwone kiuno."

Fundi alishusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu aondoke. Wakati huo huo roho ikamuuma, ikamuuma sana. Vilikuja vyote viwili pamoja, na hakujua kipi kilitangulia.

"Ngoja nikupe mwenyewe umpongeze. Niko hapa barazani. Pini! Pini, kaa hapo hapo kwenye kiti, shika simu!"

Kukawa na mkwaruzo, kisha sauti. "Shikamoo, Fundi."

"Marahaba." Akatafuta pa kuanzia. "Nasikia sare zimetoka vizuri."

"Zimetoka."

"Pini, leo nilikuwa nafagia."

Upande ule ilisikika cherehani ikisimama. "Unafagia wewe?"

"Nafagia. Na kumwaga kapu."

Pini alipumua. Sauti yake iliposikika tena ilikuwa ya chini, na ilionekana amesogea mbali na muuza maziwa. "Basi umejua."

"Uliviona lini?"

"Jioni ile ile. Nilikuwa nimeshainamisha kapu, nikaona vyekundu vinaning'inia. Nikavijua. Nikakaa chini jalalani pale, Fundi, na usafi wangu wote. Halafu nikaviokota kimoja kimoja. Nikakishona kila kichwa na mwili wake. Hakuna tepe mbili za kitambaa kimoja, si ndivyo ulivyonifundisha?"

Fundi alijifuta pua kwa kiganja. "Kwa nini hukusema? Asubuhi ile ya lori ulinitazama. Kwa nini hukuniaibisha?"

"Ningesema, ungeona haya. Ukiona haya unakuwa mbishi. Ungemwambia shemeji hamwondoki mpaka ushone sare zile kwa mkono wako mwenyewe, zote, mpaka ghala liajiri watu wengine huko. Nakujua mimi." Akasita. "Na mimi sikutaka ubaki. Usinichukie. Nilitaka uende. Kile kiti nimekitaka tangu siku ya kwanza nilipokaa kwenye kigoda. Mgongo ulikuwa unaniuma, Fundi, wewe hujui tu."

"Najua," Fundi akasema. "Magoti yanafika kidevuni."

"Ee! Umeona?"

Wakacheka, kwanza kidogo, kama watu wanaojaribu daraja, kisha kwa sauti, mpaka Pini akaanza kukohoa. Fundi alipopata pumzi akasema, "Nisamehe, mdogo wangu. Nilitaka kukuharibia jina lako."

"Kuna siku nakusamehe kabisa," Pini alisema polepole, akilifikiri jambo lenyewe. "Halafu siku nyingine naushika ule mkasi, nakasirika upya. Leo nilikuwa nimeamkia kusamehe, lakini umenikumbusha, sasa sijui."

"Utanipigia siku ukijua."

"Nitakupigia."

"Mguu wa nyuma wa kiti unacheza," Fundi akasema, kwa kuwa hakutaka kukata simu. "Weka kipande cha ngozi chini yake."

"Nilishaweka," Pini akajibu. "Tangu ulipokuwa hapa. Wewe ulifikiri umetulia wenyewe?"

* * *

Mchana wa siku ile aliingia kibandani mwanamke mwenye mimba changa, na kitambaa cha zambarau kwapani. Alipita mbele ya Madoido, akasimama mbele ya kigoda.

"Ni wewe uliyemshonea dada yangu pindo la sketi? Amenionyesha. Nataka wewe ndiye unishonee gauni. Litakalonifaa mpaka tumbo likiwa kubwa."

Fundi hakuhitaji kugeuka, lakini aligeuka, na usoni mwa Madoido aliona kitu anachokifahamu vizuri kuliko uso wake mwenyewe kiooni: lile tabasamu lisilofika machoni, na mkono uliokuwa unatafuta mkasi ambao hauna kazi.

"Dada," Fundi alisema, akimsogelea Madoido, "mteja ni wako. Kibanda ni chako. Ukisema hapana, ni hapana, nami nitarudi kwenye vifungo vyangu."

Madoido alimtazama. Labda alitegemea ubishi, akakosa pa kuuweka ukali wake. "Mshonee," akasema mwishowe, kwa hasira. "Kwani nimekufunga mikono? Futi hii hapa, mpime."

Akamtupia futi yake ya njano, iliyochakaa. Fundi aliidaka. Hakuizungusha kwa mteja. Aliitafuta ncha kwanza, akaitazama. Namba ya kwanza haikuwapo, wala ya pili. Futi ilianzia kwenye tatu.

"Dada, hii imekatika kichwa."

"Imekatika zamani," Madoido akasema haraka. "Mimi hupunguza mwenyewe. Nilisahau kukwambia."

Huenda alisema kweli. Huenda hata yeye mwenyewe hakujua kama alisahau. Fundi aliikunja futi vizuri, akairudisha mezani kwa mikono miwili, kama anavyorudishiwa mtu mkubwa kitu chake.

"Ahsante, dada. Ila mimi huwa napima kivyangu."

Akainama kwenye kapu. Alichagua kipande kirefu cha marinda ya waridi, kitu ambacho kule kwao hakuna aliyekuwa nacho, akakikata chembamba kama kidole, akatunga uzi mwekundu, akakizungushia kichwa mizunguko mitatu ya taratibu, safari hii bila kuuma kwa meno. Madoido aliacha kujifanya hatazami.

"Simama wima, mama," Fundi akasema. "Usizuie pumzi. Nataka nikujue ulivyo."

Akakiweka kichwa cha utepe mahali pake, akauzungusha, na mwanamke yule akaanza kucheka.

"Una mkono mwepesi wewe," akasema.